Jinsi ya Kuongoza Askari wa Miguu wa Kirumi katika Rome: Total War

Mchezo wa Rome: Total War ulitoka mwaka 2004 kwa ajili ya kompyuta, na tangu mwaka 2018 unapatikana pia kwenye simu za Android, jambo lililowaleta uwanjani wachezaji wengi ambao hawakuwahi kumiliki kompyuta yenye nguvu. Mwongozo huu unahusu sehemu moja tu ya mchezo huo, yaani vita vyenyewe vinavyopiganwa uwanjani, na umeandikwa kwa ajili ya mchezaji anayeongoza jeshi la Kirumi la miaka ya mwanzo, kabla ya mageuzi ya Marius, jemadari wa Kirumi, kubadili sura ya vikosi. Sitagusa kodi, ujenzi wa miji wala fitina za Seneti, ila pale mambo hayo yanapoathiri ubora wa askari.

Mchezaji anayeanza huwa na mtindo mmoja, na mimi mwenyewe nilicheza hivyo kwa miezi mingi: anavichagua vikosi vyote kwa pamoja, anavielekeza kwa adui, kisha anakaa kusubiri matokeo. Kwa jeshi la aina nyingine huenda mtindo huo ukaleta ushindi; kwa jeshi la Kirumi ni kulitupa. Jeshi hili liliundwa lipigane kwa zamu, na kazi kubwa ya kamanda wake ni kuzuia, yaani kuwazuia watu wake wasiingie vitani kabla zamu yao haijafika. Hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo.

Hatua ya kwanza: kuwafahamu askari wako

Jeshi la Kirumi la karne ya 3 na ya 2 KK lilipangwa kwa kufuata umri na mali ya askari. Vijana na maskini zaidi walikuwa velites, wapiganaji wepesi wenye mikuki midogo ya kurusha, ambao hawakuwa na deraya ya maana. Nyuma yao walisimama hastati, vijana wenye ngao kubwa, upanga mfupi na mikuki mizito ya kurusha iitwayo pila. Kisha principes, wanaume waliokomaa, wenye silaha zilezile. Na mwisho kabisa triarii, watu wazima waliokwisha kuona vita vingi, ambao badala ya pila walishika mkuki mrefu wa kuchomea. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK, anaeleza kuwa legioni ya kawaida, yaani kikosi kikuu cha jeshi la Kirumi, ilikuwa na askari wa miguu 4,200: velites 1,200, hastati 1,200, principes 1,200 na triarii 600. Wapanda farasi walikuwa 300 tu.

Mchezo umeyahifadhi majina hayo na kwa kiasi kikubwa umehifadhi pia tabia za askari wenyewe. Hastati ni wa bei nafuu na wanatosha kwa kazi nyingi. Principes wanavumilia zaidi. Triarii ni wagumu na wanawamudu vizuri wapanda farasi. Wapanda farasi wa Kirumi, equites, ni wepesi na dhaifu, kwa hiyo usitarajie wakuamulie vita kwa kuvunja safu iliyosimama imara. Wanafaa kuwafukuza warusha mikuki na mishale, kumpiga mgongoni adui aliyekwisha kubanwa, na kuwakamata wanaokimbia. Ukiwatumia kwa jambo lolote zaidi ya hayo matatu, utawarudisha nyumbani nusu.

Hatua ya pili: kuchagua vikosi 20

Jeshi moja katika mchezo huu haliwezi kuzidi vikosi 20, pamoja na kikosi cha jemadari. Mpango ambao mimi huutumia mara nyingi ni huu: jemadari 1, hastati 6, principes 4, triarii 2, velites 3, wapiga mishale 2 na equites 2. Anayetaka kufuata uwiano wa Polybius ataona kuwa hastati wangu ni wengi kupita kiasi na principes ni wachache. Sababu ni fedha. Mwanzoni mwa kampeni, inayoanza mwaka 270 KK, hazina ni nyembamba, na wanaokufa wengi ni wa safu ya mbele, kwa hiyo ni afadhali safu hiyo ijazwe na askari ambao ni rahisi kupata wengine badala yao.

Usidanganyike na fikra kwamba triarii 10 ni bora kuliko hastati 6 kwa sababu kila mmoja wao ni hodari zaidi. Triarii hawana pila, na jeshi lisilo na pila linapoteza ile dakika ya kwanza ambayo adui anapungua kabla panga hazijagusana. Isitoshe, ukiwaweka mbele hutabaki na mtu wa kumtuma mambo yatakapoharibika nyuma.

Jambo moja kuhusu mpangilio wa ugumu: kiwango cha kati cha vita hakimpi adui nyongeza yoyote ya nguvu, ilhali viwango vya juu vinampa. Jifunzie kwenye kiwango cha kati. Katika viwango vya juu hastati wako watashindwa na watu ambao kwa haki hastati ndio wangewashinda, na utajifunza mambo ambayo si ya kweli kuhusu askari wako mwenyewe.

Hatua ya tatu: kuusoma uwanja

Kabla ya kumsogeza hata mtu mmoja, zungusha kamera uwanja mzima. Tafuta mteremko, msitu na maji. Mteremko unaoshuka kuelekea kwa adui ni rafiki yako wa kwanza, kwa kuwa mikuki na mishale hufika mbali zaidi ikirushwa kutoka juu, na adui anayepanda mlima akikimbia hufika kwako akiwa amekwisha choka. Msitu unaweza kukuficha, na kwa sababu hiyohiyo unaweza kumficha yeye. Mto ni jambo baya kwa yule anayeuvuka.

Mwezi wa Desemba mwaka 218 KK, karibu na mto Trebia kaskazini mwa Italia, konsuli Sempronius Longus, mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma, aliruhusu wapanda farasi wa Hannibal, jemadari wa Carthage, dola hasimu ya Roma, wamchokoze alfajiri. Aliwatoa askari wake kambini kabla hawajala, akawavusha mto wenye maji ya baridi kali, kisha akawapanga mbele ya adui aliyeota moto na kujipaka mafuta mwilini. Nyuma yao, kwenye korongo lenye vichaka, Mago, ndugu yake Hannibal, alikuwa amejificha na wapanda farasi 1,000 na askari wa miguu 1,000. Kosa hilo linatendeka kila siku kwenye simu zetu: mchezaji anaona vikosi viwili vya adui vikirandaranda karibu, anatamani kuvinasa, na jeshi zima linavutwa hadi mahali ambapo adui alipataka.

Ukiwa upande unaoshambuliwa, subiri. Ikiwa umeruhusu saa ya vita, muda ukiisha mshambuliaji ndiye anayehesabiwa kuwa ameshindwa, kwa hiyo yeye ndiye mwenye haraka. Adui anayeongozwa na kompyuta huwa hana subira hata kidogo. Atakuja, na mara nyingi atakuja vipandevipande, farasi wakiwa mbele na askari wa miguu nyuma yao.

Hatua ya nne: kuzipanga safu

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana mpangilio wa mwanzo ndio unaoamua kama utakuwa na chaguo lolote baadaye.

Warumi walipanga vikosi vyao vidogo kama miraba ya ubao wa drafti: palipo na nafasi katika safu ya hastati, nyuma yake palisimama kikosi cha principes, na nyuma ya nafasi za principes walisimama triarii. Wanahistoria hawajakubaliana hadi leo jinsi nafasi hizo zilivyozibwa wakati wa kupigana. Katika mchezo jibu ni rahisi zaidi: nafasi kubwa ikiachwa wazi, adui ataingia humo na kukipiga kikosi chako ubavuni. Kwa hiyo wapange hastati wako 6 katika mstari mmoja, ukiacha kati ya kikosi na kikosi upenyo mdogo tu, wa kuwatosha velites kurudi nyuma bila kuwakanyaga wenzao. Kila kikosi kiwe na kina cha watu wanne au watano. Ukikitandaza kiwe chembamba zaidi kitatobolewa. Ukikirundika kiwe kinene, mstari wako utakuwa mfupi na utazungukwa. Kule Cannae mwaka 216 KK, wakipigana tena na Hannibal, Warumi walivifanya vikosi vyao kuwa vyembamba kwa mbele na virefu kwa nyuma ili wapate uzito wa kusukuma. Walisukuma kweli, wakaingia wenyewe katikati ya mtego, na wingi wao haukuwasaidia kwa kuwa waliokuwa ndani hawakumfikia mtu yeyote kwa upanga.

Principes wako 4 wakae nyuma ya hastati kwa umbali ambao kikosi kinachokimbia kinaweza kupita bila kuwaburuza nao, kwa kuwa woga huambukizwa na jirani anayekimbia. Mimi huwaweka wawili nyuma ya kati na mmoja nyuma ya kila ncha ya mstari. Triarii 2 wakae nyuma zaidi, mmoja kila upande, wakitazama mbele lakini wakiwa tayari kugeuzwa kuelekea ubavuni. Wapiga mishale wakae mahali palipoinuka nyuma ya hastati. Wakiwa kwenye ardhi tambarare mishale yao mingine itawachoma migongo watu wako mwenyewe, na mchezo hautakuonea huruma kwa hilo.

Kabla ya kuanza, vigawe vikosi katika makundi: hastati kundi moja, principes kundi la pili, triarii la tatu, na farasi wa kila upande kundi lao. Kisha angalia mambo matatu. Velites wawashiwe amri ya kujitenga, ili wenyewe warudi nyuma adui anapowakaribia. Hastati waruhusiwe kurusha pila bila kusubiri amri. Triarii wapewe amri ya kulinda nafasi, ili wasivutwe na mtu anayekimbia.

Hatua ya tano: kuwatumia velites, kisha kuwasahau

Velites wakae mbele ya mstari, na lengo lao la kwanza liwe kikosi cha adui ambacho kitakutesa baadaye, si kile kilicho karibu. Wakimaliza mikuki yao, au adui akikaribia, warudishe nyuma kupitia upenyo ulioachwa kati ya hastati. Usiwaache waendelee kurusha kutoka nyuma ya hastati waliokwisha kushikana na adui, kwa sababu watawaua wenzao. Wakiwa nyuma wana faida moja tu iliyobaki: mwisho wa vita wanaweza kuwafukuza wanaokimbia, kwa kuwa mwili wao ni mwepesi.

Hatua ya sita: pila na dakika ya kukutana

Adui anapokuja, hastati wasimame. Wasikimbie kumlaki. Waache warushe pila zao za kwanza, na kama umbali unaruhusu, za pili. Mara anapokaribia hatua chache, wape amri ya kushambulia ili wakutane naye wakiwa katika mwendo, kwa kuwa kikosi kinachopokea shambulio kikiwa kimesimama kabisa hupoteza watu wengi katika mgongano wa kwanza.

Kuna hitilafu hapa ambayo ni lazima uifahamu. Kikosi chenye pila mkononi, ukikiambia kishambulie, husimama kwanza kikarushe. Jambo hilo ni zuri adui akiwa mbele na mbali. Ni balaa unapotaka kikosi kimpige mgongoni haraka, maana utakiona kimesimama nyuma ya mapigano, kinajiandaa, huku wenzao wakichinjwa. Kwenye kompyuta, ukishikilia kitufe cha Alt unapotoa amri ya kushambulia, askari wataacha pila na kuingia na panga moja kwa moja. Tumia amri hiyo kila mara unapomzunguka adui. Tena, zima ruhusa ya kurusha kwa kikosi chochote kilichosimama nyuma ya wenzao.

Kuhusu kukimbia, kumbuka yaliyotokea Pharsalus mwaka 48 KK. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Warumi, Pompeius, jemadari aliyepigana na Caesar, aliwaagiza askari wake wasimame wasisogee, akitumaini kwamba askari wa Caesar wangemaliza pumzi kwa kukimbia umbali wote peke yao. Askari wa Caesar walipoona adui hasogei, walisimama katikati ya uwanja bila kuamriwa na mtu, wakapumzika, wakajipanga upya, ndipo wakaendelea. Fanya hivyo hivyo. Tembea hadi umbali wa kurusha pila, simama, rusha, kisha ndipo ukimbie hatua za mwisho. Askari aliyechoka hupiga vibaya na ari yake hushuka upesi, na uchovu wa nusu ya kwanza ya vita ndio unaolipiwa katika nusu ya pili.

Hatua ya saba: lini principes waingie

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo inayomtofautisha kamanda wa Kirumi na mtu anayebofya tu.

Katika historia, hastati waliochoka walirudi nyuma na principes wakachukua nafasi yao. Katika mchezo usijaribu kulifanya hilo kwa kikosi kilichokwisha kushikana na adui. Askari anayeamriwa kurudi anageuza mgongo, na adui anauona mgongo huo. Nilipoteza vikosi vitatu katika vita kimoja kwa kujaribu kuwa mwaminifu kwa Polybius. Badala yake, waache hastati palepale walipo na uwatumie principes kuongeza nguvu mahali palipolegea, kwa njia mbili: kupitia upenyo ulioachwa kati ya vikosi, au kuzunguka ncha ya mstari na kumpiga adui ubavuni. Njia ya pili ni bora sana ikiwa muda upo. Kikosi kimoja cha principes kinachoingia ubavuni hufanya kazi ambayo vikosi viwili vinavyosukuma kutoka mbele havitaiweza. Usivirundike vikosi viwili mahali pamoja. Watachanganyikana, nusu yao hawatafikia adui, na wote watachoka.

Utajuaje kuwa muda umefika? Weka kishale juu ya kikosi, usome hali yake ya ari na ya uchovu. Kikosi kinachosomeka kuwa kimetulia kiache, hata kama watu wake wamepungua. Kikianza kutikisika, tuma msaada wakati huohuo, kwa kuwa kikosi kilichokwisha kuyumba mara nyingi huvunjika kabla msaada haujafika. Mchezaji wa bao anaijua hali hii: kete zilizo mkononi zina thamani mpaka pale unapoziweka, na akizimaliza mapema anabaki kutazama mwenzake akicheza. Simamisha mchezo kila baada ya muda mfupi, pitisha kishale juu ya mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, kisha uendelee. Wako wanaoona kusimamisha mchezo ni aibu. Sioni aibu yoyote. Jemadari halisi alikuwa na makenturioni, yaani maofisa wadogo wa vikosi, wa kumtazamia kila kona, sisi tuna kishale kimoja.

Hatua ya nane: triarii na jemadari

Warumi walikuwa na msemo kwamba mambo yamefika kwa triarii, maana yake hali imekuwa mbaya sana. Wahenga wetu walisema akiba haiozi, na hiyo ndiyo kanuni ya kikosi hiki. Vita ukivishinda huku triarii hawajainua mkuki, ujue umecheza vizuri. Kazi yao halisi ni kulinda mbavu dhidi ya wapanda farasi wa adui, ambao karibu kila mara wataizunguka ncha ya mstari wako mara wanapoona nafasi. Wageuze triarii mapema wakabiliane na farasi wale uso kwa uso. Ukichelewa hadi farasi wakawa wamewafikia hastati mgongoni, triarii watafika kuhesabu maiti.

Jemadari wako yuko juu ya farasi pamoja na walinzi wake, na kikosi hicho kina nguvu kuliko equites. Ndiyo maana kinashawishi. Kukitumia kumpiga adui mgongoni mara moja, kisha kukitoa, ni halali na mara nyingi humaliza vita. Kukiacha ndani ya msongamano ni hatari, kwa sababu jemadari akifa, ari ya jeshi lote hushuka papo hapo. Niliwahi kumpeleka jemadari wangu kuwafukuza watu wa Gallia waliokuwa wakikimbia kuelekea msituni, nikiwa na hakika kuwa vita vimekwisha. Msituni kulikuwa na kikosi kamili cha mikuki ambacho sikukiona kwa kuwa sikuzungusha kamera. Jemadari alikufa, mrengo wa kushoto ukavunjika, na vita nilivyokwisha kuvishinda vikaishia kwa mimi kulipoteza jeshi. Mahali pake pazuri ni nyuma ya katikati ya mstari, karibu kiasi cha kuwatia moyo walio mbele.

Hatua ya tisa: kumtambua adui

Watu wa Gallia na Germania wanakuja kwa kasi na kelele, na nguvu yao kubwa iko katika mgongano wa kwanza. Wapokee juu ya mteremko kwa pila, uvumilie dakika mbili, kisha ulete principes ubavuni. Hawana mengi zaidi ya hapo.

Wagiriki na Wamakedonia ni suala jingine. Safu yao ya mikuki mirefu haishindiki kwa kuiendea mbele, na kila mchezaji anayeanza lazima aijaribu mara moja ili aamini. Udhaifu wake ni kugeuka: ni nzito, polepole, na ubavu wake uko uchi. Weka hastati mbele yake kwa umbali wa kurusha, warushe pila zote, kisha uwarudishe nyuma polepole kabla mikuki haijawagusa. Safu itawafuata, na ikifuata itaanza kupishana. Wakati huohuo principes wazunguke mbali, si karibu, na waingie kwa nyuma na panga. Kule Cynoscephalae mwaka 197 KK, tribuni (ofisa wa legioni) mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa alichukua vikosi vidogo 20 kutoka mrengo uliokuwa unashinda, akavigeuza na kuwapiga Wamakedonia mgongoni upande wa pili. Vita vikaamuliwa na mtu aliyeona nafasi bila kuagizwa. Miaka 29 baadaye, huko Pydna, safu hiyohiyo ilitatuka yenyewe ilipoingia kwenye ardhi yenye mabonde, na Warumi wakapenya katika mianya. Kwa hiyo usikubali kupigana nayo kwenye uwanja tambarare ukiwa na hiari, na usiifuate kamwe kwenye barabara nyembamba za mji, ambako haina ubavu.

Tembo wa Carthage wanatisha kuliko wanavyodhuru, ilimradi usiwasimamishie ukuta. Kule Zama mwaka 202 KK, Scipio, jemadari wa Kirumi, alikabiliwa na tembo takriban 80. Aliacha utaratibu wa ubao wa drafti, akavipanga vikosi nyuma ya vingine ili kuwe na njia zilizonyooka kutoka mbele hadi nyuma, na njia hizo akazijaza velites. Tembo wengi walipita katikati wakichomwa mikuki pande zote. Katika mchezo fanya vivyo hivyo: fungua njia, tumia velites na mishale ya moto, wala usiwapeleke farasi karibu. Tembo akichanganyikiwa hukanyaga yeyote, na mara nyingi wa kwanza ni wenyeji wake. Jeshi la Kirumi katika mchezo lina pia nguruwe wanaopakwa mafuta na kuwashwa moto ili wawatishe tembo. Wanafanya kazi, lakini mara nguruwe akishawashwa hana bwana, nami nimeona wakiwakimbilia hastati. Siwatumii tena.

Waparthi, wapiga mishale juu ya farasi, ndio walioliangamiza jeshi la Crassus, jemadari wa Kirumi, huko Carrhae mwaka 53 KK. Crassus alitumaini mishale ingekwisha. Haikuisha, kwa kuwa ngamia waliileta mingine. Katika mchezo mishale ya kila kikosi ina mwisho, lakini askari wako wanaweza kuisha kwanza. Usiwakimbize kwa miguu. Leta wapiga mishale wengi zaidi, hata 5 au 6, uwaweke nyuma ya hastati waliotawanywa, kwa kuwa mpiga mishale aliyesimama chini analenga vizuri kuliko aliye juu ya farasi.

Hatua ya kumi: kufukuza, kuhesabu na kujenga upya

Kikosi kinachokimbia huonyesha bendera nyeupe. Usidhani kuwa kimekwisha. Kikipewa nafasi kinaweza kujikusanya na kurudi. Hapa ndipo equites na velites wanapolipa mshahara wao. Hastati wasifukuze, kwa sababu watachoka na mstari utapotea wakati adui mwingine bado yuko uwanjani.

Baada ya vita, tazama alama za uzoefu za kila kikosi. Hastati walionusurika mara nne wana thamani kuliko principes wapya, na vikosi vyao vikirudishwa mjini kuongezewa watu havipotezi uzoefu huo. Vikosi viwili vilivyobaki na watu wachache viunganishe kuwa kimoja.

Mageuzi ya Marius yanakuja katika kampeni mara jumba kubwa kuliko yote la utawala linapojengwa katika mji wa Italia. Tangu hapo kohorti, yaani vikosi vikubwa vya legioni, zinachukua mahali pa hastati, principes na triarii, na askari wote wa legioni wanakuwa wa aina moja wenye pila. Usiache utaratibu wa safu kwa sababu hiyo. Caesar alikuwa akiipanga legioni yenye kohorti 10 katika mistari mitatu, 4 mbele, 3 katikati na 3 nyuma, na Pharsalus alitoa kohorti kutoka mstari wa tatu na kuzificha nyuma ya mrengo wa kulia, zikawakabili wapanda farasi wa Pompeius kwa pila zilizoshikwa mkononi kama mikuki ya kuchomea. Ukiwa na kohorti 10, ziweke 4, 3 na 3. Kohorti moja ya mstari wa mwisho ichukue kazi ya triarii, na amri yake iwe kulinda nafasi. Vikosi vya zamani havitaweza tena kuongezewa watu, kwa hiyo viunganishe vilivyopungua na uvipeleke kulinda miji ya mpakani, nyuma ya kuta, ambako hastati wachache wenye uzoefu bado wanaweza kuzuia lango.